Namna ya kupiga hesabu ya PhD ya fani yako kabla hujalipa ada

Kila ikikaribia miezi ya kuomba vyuo simu yangu haipoi, wengi ni wadogo zangu tuliokutana Mlimani au niliowahi kuwafundisha, na swali ni lile lile, dada eti PhD inalipa? Zamani nlikuwa najibu haraka haraka, siku hizi namrudishia swali, unataka kusoma nini na nani hapa Dar atakulipa kwa hicho kitu? Maana PhD haina bei moja bana, ni sawa na mtu akuulize gari linauzwaje, gari gani sasa, IST au Scania?

Mi nimesoma ikolojia ya mimea. Miaka mitano nimeishi na mikoko ya delta ya Rufiji, matope hadi magotini, nikarudi mjini nikavaa joho, picha zikapigwa, mama akalia kwa furaha, alafu mwaka na nusu uliofuata nikawa nafundisha paati taimu kwenye chuo kimoja hapa hapa mjini, nalipwa kwa saa, na hizo hela za saa zikaja baada ya semista mbili kupita. Siandiki haya kumkatisha mtu tamaa, naipenda elimu yangu na ningeisoma tena, ila ningeisoma kwa namna nyingine, na hiyo namna ndo nataka nikupe.

Anza kwa kutenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya kila siku, kipato na elimu kuzidi kazi. Mtu anaweza kuwa kwenye kazi ambayo haihitaji PhD hata kidogo lakini analipwa vizuri, na mwingine yuko kwenye kazi ambayo bila PhD huingii mlangoni lakini mshahara ni mdogo. Angalia Marekani, kijana kamaliza PhD ya baiolojia anaingia postdoc, yani kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD, mwaka 2024 kiwango cha taasisi yao ya afya, NIH, kwa postdoc anayeanza kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka, wakati mwenzake waliyemaliza naye akienda kwenye kampuni ya dawa anachukua karibu mara mbili yake. Wa postdoc elimu yake haijazidi kazi, anatumia kila alichosoma, ila hela hamna, na miaka inakatika hivo hivo mitatu minne. Kwahiyo ukisikia fani fulani wahitimu wake wana kipato kidogo usikimbilie kusema wamesoma bure, uliza kwanza wako hatua gani na wamekaa kwenye kiti gani.

Na hilo la elimu kuzidi kazi lina njia kama tatu za kupima, na kila moja inatoa jibu lake. Kanada wana utafiti wao wa wahitimu ambao unamuuliza mtu mwenyewe, ukiangalia elimu na uzoefu wako unajiona umezidi hii kazi? Njia ya pili ni kuangalia kazi ilitangazwa kwa elimu gani. Ya tatu ni kuangalia wengi wanaoifanya wana elimu gani. Mimi nashauri uanze na ya pili kwa sababu haidanganyi, tangazo likisema shahada ya kwanza basi mshahara umepangwa kwa shahada ya kwanza, uje na PhD, uje na mbili. Serikalini ndo hivo kabisa, ngazi inafuata cheo kilichotangazwa na muundo wa utumishi wa kada yako, ukiomba nafasi ya ngazi ya mshahara ya TGS D utalipwa TGS D na joho lako litabaki kabatini.

Sasa fani. Kuna utafiti wa Uingereza wa Bernard Casey uliotoka 2009, nawapa watu huu kila mara kwa sababu unaonyesha vizuri wapi pa kuangalia. Alichukua wanaume ambao wangeweza kwenda chuo ila hawakwenda, akawalinganisha na waliosoma. Wenye PhD walikuwa wanawazidi kipato kwa asilimia 26. Ukisikia 26 unasema sawa nakwenda kusoma, ila wenye masta peke yake walikuwa wanawazidi kwa asilimia 23! Yani miaka yote ile ya juu ya masta ni tofauti ya asilimia 3. Na huo ni wastani, ukigawa kwa fani ndo unaona, hisabati na kompyuta, sayansi za jamii na lugha, PhD haikuongeza kitu juu ya masta, uhandisi na usanifu majengo na ualimu mwenye masta ndo alikuwa mbele, fani ambazo PhD ilionekana mfukoni ni tiba, sayansi nyingine, na biashara na fedha.

Asilimia zao usizibebe zije Ubungo, hazitakufaa, soko lao na letu ni mbali. Beba swali lao. Usijiulize PhD inamzidi form six kwa kiasi gani, jiulize inamzidi mwenye masta ya fani hiyo hiyo kwa kiasi gani, hapo ndo penye ukweli.

Kulijibu kwa hapa kwetu unahitaji wiki tatu na daftari, basi. Fungua Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, kila asubuhi, fungua na kurasa za kazi za mashirika, na kila tangazo la fani yako andika mambo manne, nani anaajiri, anataka elimu gani, anataka usajili wa bodi gani, na kama PhD imetajwa imetajwa kama lazima au kama nyongeza. Baada ya wiki tatu hesabu. Kama kwenye matangazo 40 PhD ni lazima kwenye mawili tu na yote mawili ni ya vyuo, ushajua, mnunuzi wako ni vyuo, na inabidi ufanye hesabu kama mtu anayekwenda kuwa mhadhiri sio kama mtu anayekwenda "kupanda ngazi".

Na kama mnunuzi ni vyuo kuna kitu naomba usome mara mbili. PhD haifuti digrii ya kwanza. Matangazo ya kuanza kazi ya kufundisha vyuo vya umma yanataka GPA ya 3.8 digrii ya kwanza, na ukija na masta wanataka na ya masta isiwe chini ya 4.0. Nina rafiki, kichwa kweli kweli, digrii ya kwanza alitoka na 3.3 kwa sababu mwaka wa pili alikuwa anamuuguza baba yake, akapambana, masta safi, PhD nje ya nchi, karudi na paper zake, kila mlango anaulizwa ile 3.3. Iliniuma sana. Kama GPA yako ya mwanzo ni ndogo, nenda idara unayoilenga kaulize uso kwa uso kabla hujaanza, sio baada ya miaka mitano. Na ukisoma nje kumbuka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, cheti cha nje lazima wakitambue, anza hilo mapema ukiwa bado na watu wa kukutumia nyaraka kutoka kule.

Kwa upande mwingine anayeingia chuoni na kudumu kuna kitu anapata ambacho mwenye masta hapati, njia ya mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa, na mhadhiri mwandamizi na profesa wa chuo cha umma anastaafu 65 wakati mtumishi wa kawaida ni 60. Miaka mitano ya mshahara wa juu kabisa wa maisha yako sio kitu kidogo, iweke kwenye hesabu.

Haya tuje kwenye hesabu yenyewe maana hapa ndo watu wengi wanajidanganya, wanaangalia mshahara wa msingi badala ya teki homu. Namba nazitunga ili tuelewane, we weka zako. Tuseme mwenye masta mshahara wa msingi ni 1,900,000 na ukipata PhD unakuwa 2,500,000. Unasema nimeongezwa laki sita. Subiri. Kwenye hiyo laki sita PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5, hiyo 30,000. Inabaki 570,000 inakwenda kwenye kodi, na kwa sababu ushavuka milioni moja kila shilingi ya juu inakatwa asilimia 30, hiyo ni 171,000. Kama ulisoma kwa mkopo Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 90,000. Bima ya afya asilimia 3, 18,000. Jumlisha, 309,000 imeondoka. Laki sita imefika kwako ikiwa 291,000, na chama cha wafanyakazi bado hawajapitisha mkono. Ukiwa umeshamaliza deni la Bodi inakuwa 381,000.

Sasa chukua gharama ulizotoa mfukoni kwa miaka yote, ada, uwandani, kuchapa, nauli, tuseme 18,000,000. Gawa kwa 291,000 mara miezi 12, ambayo ni 3,492,000 kwa mwaka. Ni miaka mitano na kidogo ndo unarudisha hela yako, na hapo sijaweka mshahara uliopoteza kama uliacha kazi. Ukianza ukiwa na miaka 30 inalipa vizuri tu. Ukianza na 48, jiulize kwa utulivu. Na ukiwa na skolashipu kamili, au mwajiri kakupa ruhusa ya masomo na mshahara unaingia, hesabu inageuka kabisa, ndo maana mimi nasema hadharani PhD ya kujilipia mwenyewe kwa hela ya mkopo wa benki usiguse, isipokuwa mnunuzi ameshakuahidi kwa maandishi.

Kuna kitu kingine ambacho kwa Dar naona kinaamua kipato kuliko PhD yenyewe, ni usajili wa bodi. Mhasibu mwenye PhD bila CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu, hasaini hesabu za mtu. Mwanasheria mwenye PhD ambaye hajapita Law School akaandikishwa uwakili hasimami mahakamani kumtetea mteja. Mhandisi, saiti hakuna anayeuliza thesis yako ilihusu nini, wanauliza namba ya ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Daktari wa hospitali, ubingwa unakuja na MMed, masta ya tiba, PhD yake ni ya kufundisha na kutafiti, na wagonjwa hawaijui. Kwa fani hizi ukinitaka ushauri nakwambia bodi kwanza, PhD baadaye, na PhD iwe kwa sababu kweli unataka kufundisha au kuna swali linakunyima usingizi.

Mimi mwenyewe usajili ndo ulionitoa. Nimekaa na PhD yangu ya mikoko nalia njaa, siku moja kaka mmoja tuliyekuwa naye uwandani ananiambia dada we mbona hujajisajili uwe mtaalamu wa mazingira, tathmini za athari kwa mazingira zinafanyika kila siku, mradi wa barabara, kiwanda, bomba, sheria ya 2004 inawalazimisha, na wanaoruhusiwa kuzifanya ni waliosajiliwa. Nlikuwa sijui! Miaka mitano nimesoma mazingira na hakuna mtu chuoni aliyewahi kunitajia. Nikajisajili, nikaunganishwa kwenye timu kama mtu wa mimea, kazi ya kwanza ilikuwa wiki mbili na ililipa kuliko semista nzima ya paati taimu. Elimu ni ile ile, mikoko ile ile, kilichoongezeka ni karatasi moja na mnunuzi.

Afya ya jamii niseme kidogo maana wengi mnaikimbilia. Hapa Dar ilikuwa ndo fani yenye neema, Muhimbili, taasisi za utafiti wa afya kama NIMR na Ifakara, miradi ya wafadhili chungu nzima, na PhD ilikuwa inakupandisha kutoka afisa hadi mtafiti mkuu. Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada na kufika Julai shirika lao la misaada, USAID, lenyewe likafungwa, miradi ikasimama na watu wenye PhD nzuri kabisa wakajikuta nyumbani. Sisemi usisome, magonjwa hayajaisha na watafiti wanahitajika, nasema kwenye lile daftari lako ongeza mstari wa tano, hela ya huyu mwajiri inatoka wapi na inaisha lini.

Lugha na fasihi watu wanaziogopa kuliko zinavyostahili, hasa Kiswahili. Mnunuzi hayuko ofisini Posta, yuko kwenye kufundisha wageni, tafsiri, ukalimani, na vyuo vya nje vinavyofundisha Kiswahili, na Umoja wa Afrika wameshakipitisha kuwa lugha ya kazi 2022. BAKITA, Baraza la Kiswahili, wana kanzidata ya wataalamu, jisajili humo ungali unasoma. Ila ni kipato cha vipande vipande, mwezi huu kingi mwezi ujao hakuna, na anayetaka mshahara wa tarehe moja kila mwezi kitamsumbua.

Kompyuta na takwimu sina la kuongeza sana, masta na kazi unayoweza kuionyesha inatosha sehemu nyingi.

Haya, na wewe ambaye PhD unayo tayari na umekaa kwenye kazi ambayo elimu imeizidi? Kwanza jua kama ulichokizidi ni cheo tu au ni kazi yenyewe. Chukua wiki moja uandike kila siku jioni, leo kuna kitu nimekifanya ambacho bila PhD nisingeweza? Ukikuta siku tatu kati ya tano kipo, basi kazi ni yako, shida ni jina la cheo na mshahara, na hilo unalijadili na bosi ukiwa na ushahidi wa wiki hiyo mkononi. Ukikuta hakuna hata siku moja, hama, ila hama ukiwa ndani, usiache kazi ndo utafute.

CV usifute PhD. Najua kuna wanaoshauri ifutwe ili usionekane ovakwalifaidi, ila ukiifuta inabaki miaka mitano tupu na watu watadhani ulikuwa umekaa tu, na serikalini kuficha taarifa kunaweza kukuletea matatizo baadaye. Igeuze iwe kazi. Yangu ya zamani ilikuwa imeandikwa "PhD, Ikolojia ya Mimea, thesis kuhusu mgawanyo wa mikoko". Nani ataelewa? Nikaandika upya hivi: nimepima maeneo 84 ya mikoko Rufiji, nimeongoza wasaidizi sita uwandani kwa misimu miwili, nimetengeneza ramani kwa programu ya QGIS na kuchambua takwimu kwa programu ya R, nimewasilisha ripoti tatu kwa mfadhili kwa wakati. Miaka ile ile, ila sasa anayesoma anaona mtu wa kazi.

Na kwenye usaili watakuuliza tu, jiandae. Mara ya kwanza nilikaa mbele ya watu watatu kwenye ofisi moja Masaki, mama wa katikati kaishika CV yangu kaiangalia muda mrefu, akasema, "Dokta, hii kazi si ndogo kwako? Ukipata chuo si utatuacha njia panda?" Nikajibu, "Hapana mama, mimi sichagui kazi." Nikaona uso wake umefunga. Nlimwonyesha njaa wakati yeye alitaka kuona mpango. Ofisi ya pili swali likaja lile lile, safari hii nikajibu, "Mama nimesoma majukumu yote, la tatu na la tano ndo kazi niliyoifanya miaka mitano, miezi mitatu ya kwanza nitapanga takwimu zenu za nyuma ambazo naona kwenye ripoti zimekaa vipande, na nitakuwepo mpaka ripoti ya mwisho ya mradi iwasilishwe." Nikaipata. Usimwambie mtu utakaa milele, hakuamini, mwambie utakaa mpaka wapi.

Wa mwisho ni wewe uliye katikati, umeshalipa mwaka wa kwanza, propozo haijapita bado. Wewe ndo una nafasi nzuri kuliko wote na nakuonea wivu mzuri. Mada bado laini, unaweza kuisogeza. Rudi kwenye daftari, chagua wanunuzi watatu waliojitokeza zaidi, kawaulize wana tatizo gani ambalo wamekosa mtu wa kulichunguza, alafu kaa na supavaiza wako umwambie, Prof, hii sura ya tatu naomba nitumie takwimu za taasisi fulani na njia hii ambayo wao pia wanaitumia. Wengi watakubali, wao pia wanataka paper zisomwe. Chagua njia ya uchambuzi inayotumika nje ya chuo, hata kama kuna nyingine ya kupendeza zaidi. Na ruhusa ya takwimu iombe kwa barua kabla hujaitetea propozo, maana barua ofisi za mjini inaweza kukaa miezi mitatu masjala na wewe unalipa ada. Peleka nakala kwa mkono, igongwe muhuri wa kupokelewa, chukua namba ya simu ya anayeshughulikia, na ukimpigia mpige asubuhi saa mbili kabla hajaingia kikaoni, ikifika saa nne humpati tena.